Undugu wa Mtakatifu Luka

Mara nyingi tunasikia vijana wakisema: tuunde chama. Chama cha waimbaji, chama cha washonaji, chama cha kuchora na kuchonga. Wanachagua mkubwa, mwandishi na mtunza sanduku, wananunua daftari na muhuri. Na baada ya miezi sita hakuna ajuaye daftari liko wapi. Kwa nini chama kimoja kinakufa upesi na kingine kinazaa matunda? Leo tunapenda kueleza habari za chama cha marafiki kilichozaliwa Ulaya zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Walikuwa wanafunzi sita tu, bila jina. Nao pia walikuwa na muhuri, lakini muhuri wao ulikuwa na kazi.

Mji wenyewe ni Vienna, mji mkuu wa Austria. Katika shule kubwa ya sanaa ya mji ule walikutana vijana waliotoka mbali. Friedrich Overbeck alitoka Lübeck, mji wa bandari upande wa kaskazini wa Ujerumani. Baba yake alikuwa mwanasheria na mtunga mashairi. Franz Pforr alitoka Frankfurt. Baba yake alikuwa mchoraji, lakini alikufa Franz angali mtoto. Ludwig Vogel na Johann Konrad Hottinger walikuwa Waswisi. Joseph Wintergerst alikuwa mtu wa Ujerumani ya kusini, na Joseph Sutter alikuwa mwenyeji wa Austria. Wengine walikuwa Waprotestanti, wengine Wakatoliki. Overbeck, mdogo wao, hakuwa bado na miaka ishirini walipoanza kukutana.

Shule ile ilikuwa na sifa kubwa, na walimu wake walikuwa mafundi kweli. Lakini namna ya kufundisha iliwachosha. Mwanafunzi aliketi miezi na miezi mbele ya sanamu nyeupe za jasi, nakala za miungu ya Wagiriki wa kale, akichora mkono, akichora mguu, akifuta, akianza tena. Mkono ulijifunza, roho ililala. Tusiwalaumu mno walimu wale: ule mstari safi tunaouona katika picha za Overbeck haukuanguka kutoka mbinguni, aliupata katika kazi ileile iliyomchosha. Lakini kijana aliyetaka kuchora Bwana Yezu au Bikira Maria, na kuchora kwa imani, hakupata msaada wowote pale. Aliambiwa tu kama kidole ni kirefu au kifupi.

Basi katika mwaka wa 1808 wale sita wakaanza kukutana wao kwa wao wakati wa jioni. Walichagua jambo moja la kuchora, kisha kila mmoja akaenda kulifanya peke yake. Walipokutana tena, kila mmoja aliweka karatasi yake mezani mbele ya wengine, nao wakasema. Wakasema lililo zuri na lililo baya. Walikwenda pamoja kutazama picha za zamani zilizokuwa katika nyumba ya kifalme ya Belvedere, kazi za Wajerumani na za Waitalia waliochora kabla ya mambo ya shule kuwa mengi, na waliporudi walibishana juu ya yale waliyoyaona.

Sisi tunaona kwamba siri ya chama chao ni hiyo karatasi iliyowekwa mezani. Kupendana ni rahisi wakati wa kunywa pamoja. Lakini kuleta kazi yako, uliyoifanya kwa jasho, mbele ya rafiki zako, ukijua kwamba watakuambia kweli, hilo ni jambo jingine. Na ni vigumu vilevile kwa yule anayetakiwa kusema. Watu wengi humsifu rafiki kwa sababu hawataki ugomvi, kisha humcheka nyuma ya mlango. Wale sita waliamua kwamba kati yao haitakuwa hivyo.

Mwaka wa 1809 vita ikafika. Napoleon, mfalme wa Wafaransa, aliuteka mji wa Vienna katika mwezi wa tano. Shule ikafungwa. Tarehe 5 na 6 ya mwezi wa saba majeshi yalipigana huko Wagram, karibu kabisa na mji, na Waaustria wakashindwa. Usiku uleule wa tarehe 5 kuamkia tarehe 6, mbali huko Roma, askari wa Wafaransa waliingia katika jumba la Baba Mtakatifu Pio wa Saba wakamchukua mfungwa. Ulaya yote ilikuwa ikitetemeka. Siku nne baadaye, tarehe 10 ya mwezi wa saba, wanafunzi wetu sita wakaahidiana na kuunda chama, wakakiita Undugu wa Mtakatifu Luka. Mtu anaweza kuwacheka: dunia inaungua, nao wanaunda chama cha kuchora! Lakini pengine ni kwa sababu hiyohiyo walihitaji kushikana mikono.

Kwa nini Mtakatifu Luka? Mapokeo ya zamani yanasema kwamba Luka mwinjili alichora sura ya Bikira Maria. Kwa hiyo tangu karne nyingi wachoraji wamemchukua kuwa msimamizi wao, na vyama vya wachoraji wa zamani viliitwa kwa jina lake. Overbeck alichora muhuri: Mtakatifu Luka ameketi chini ya tao, pembeni herufi za majina ya ndugu, na juu herufi W, ambayo ni mwanzo wa neno la Kijerumani lenye maana ya ukweli. Wakapatana hivi: picha iliyoonyeshwa kwa ndugu na kukubaliwa itabandikwa muhuri huo mgongoni. Isiyokubaliwa itabaki bila muhuri. Angalieni vizuri, muhuri haukuwekwa mbele, mahali pa kuonwa na mnunuzi. Uliwekwa nyuma, mahali unapogusa ukuta.

Shule ilipofunguliwa tena ilipunguza wanafunzi, na wageni hawakupata nafasi. Wanne kati yao, yaani Overbeck, Pforr, Vogel na Hottinger, wakafunga mizigo. Waliondoka Vienna katikati ya mwezi wa tano 1810, wakafika Roma tarehe 20 ya mwezi wa sita. Wintergerst aliwafuata mwaka uliofuata. Sutter, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alibaki nyuma, akafika Roma mwaka wa 1816 tu. Lakini wakati wote huo wenzake waliendelea kumhesabu kuwa ndugu na kumwandikia barua.

Huko Roma Wafaransa walikuwa wamefunga nyumba nyingi za watawa. Nyumba moja iliitwa Sant'Isidoro, nyumba ya Wafransisko wa taifa la Irlandi, iliyoanzishwa mwaka wa 1625 na padri Luke Wadding. Vyumba vyake vilikuwa vitupu. Vijana wetu wakapanga humo. Kila mmoja alipata chumba kidogo cha bruda, mchana akifanya kazi yake humo peke yake. Jioni walikusanyika katika chumba kikubwa walimokula watawa zamani, na hapo walichora pamoja. Hawakuwa na fedha za kulipa watu wa kukaa mbele yao, basi walikaa wao wenyewe kwa zamu: leo Vogel anavaa joho na kuwa nabii, kesho Hottinger anapiga magoti na kuwa mchungaji. Kazi za nyumbani pia walisaidiana. Waliacha nywele ziwe ndefu, zikiwa zimegawanywa katikati kama tunavyomwona Bwana Yezu katika picha, wakavaa makoti mapana. Watu wa Roma wakawacheka na kuwaita Wanazareti. Jina hilo la dhihaka likawashika, na hata leo vitabu vya historia ya sanaa vinawaita hivyo.

Tusifikiri kwamba walichora wote kwa namna moja. Overbeck alipenda mambo ya Injili. Mkono wake ulikuwa mpole, na watu wake wana utulivu kama watu walio kanisani. Pforr alipenda habari za wafalme na maaskari wa zamani. Picha yake ya mfalme Rudolf akiingia mji wa Basel imejaa farasi, bendera na rangi kali. Kila mmoja alichukua kitu kwa mwenzake. Hapa sisi wa Kongo tunakumbuka ile nyumba ya kazi ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, iliyoitwa Hangar, iliyofunguliwa mwaka wa 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés. Humo Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga kwa mistari mingi midogo, Pilipili Mulongoy akachora samaki, ndege na wanyama kwa namna yake. Walifanya kazi bega kwa bega, na hakuna anayeweza kuchanganya picha ya mmoja na ya mwingine. Hangar ilikuwa na mkubwa aliyewaongoza, na Sant'Isidoro hapakuwa na mwalimu, hilo ni tofauti. Lakini jambo moja ni lilelile: kukaa karibu na mwenzako si lazima kukufanye uwe kivuli chake.

Furaha ya Sant'Isidoro haikudumu. Pforr alikuwa na ugonjwa wa kifua. Wenzake walimpeleka Albano, kwenye milima karibu na Roma, wakitumaini kwamba hewa nzuri itamsaidia. Alikufa huko tarehe 16 ya mwezi wa sita 1812, akiwa na miaka ishirini na minne. Ukoo wa Sant'Isidoro ukavunjika mwaka huohuo. Vogel alirudi Uswisi, na huko aliishi mpaka uzee akichora historia ya nchi yake.

Overbeck alibaki Roma na huzuni kubwa. Tangu siku nyingi alikuwa akisoma na kutafuta. Jumapili ya Matawi ya mwaka 1813 alipokelewa katika Eklezia Katolika. Wengine wa chama walifuata njia hiyohiyo, na mioyo ya wazazi wao kule Ujerumani iliumia. Ndugu wengine walibaki Waprotestanti. Mchoraji Julius Schnorr, aliyejiunga nao mwaka wa 1818, hakubadili dini hata siku moja, na picha 240 za Biblia alizochora baadaye zinajulikana sana. Kulikuwa na maneno kati yao juu ya mambo ya dini, wakati mwingine maneno makali. Lakini mezani, mbele ya karatasi, waliendelea kusahihishana.

Kisha wakaja wapya: Peter Cornelius wa Düsseldorf, mtu wa nguvu na wa maneno mengi, Wilhelm Schadow wa Berlin, Philipp Veit, mjukuu wa mwenye hekima Moses Mendelssohn, Myahudi. Na kwa hao wapya tunafika kwenye kazi iliyowapa jina.

Jakob Salomon Bartholdy, mjumbe wa serikali ya Prussia huko Roma, alitaka kupambiwa chumba katika nyumba yake. Alifikiri mapambo madogo tu. Wao wakamwambia: tupe gharama za vitu na za chakula, nasi tutakuchorea habari za Yosefu huko Misri, kwa fresko. Akakubali. Ilikuwa ujasiri, karibu tuseme wazimu, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwa fundi wa fresko!

Tueleze kidogo. Fresko si kupaka rangi juu ya ukuta mkavu. Mwashi anapaka chokaa na mchanga, na mchoraji anatia rangi iliyochanganywa na maji wakati chokaa bado ni mbichi. Chokaa inapokauka inavuta hewa na kugeuka kuwa ngumu kama jiwe, nayo inaishika rangi ndani yake. Kwa hiyo asubuhi wanapaka sehemu ile tu itakayoweza kumalizwa siku hiyo, uso mmoja, au mkono na kipande cha vazi. Ukichelewa, chokaa imekauka. Ukikosea, hakuna kufuta. Unachukua nyundo na kubomoa, kesho unaanza tena. Kabla ya hayo unachora picha nzima juu ya karatasi kubwa, sawa na ukubwa wa ukuta, ili mistari ihamishwe. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja asiyemtegemea mwenzake. Wakamtafuta mwashi mzee, aliyewahi kumpakia chokaa Anton Raphael Mengs, mchoraji mkubwa wa zamani za babu zao. Mzee huyo akawaonyesha. Hivyo wanafunzi waliokimbia walimu wa Vienna wakajifunza kwa mwashi, nao hawakuona haya.

Katika miaka ya 1816 na 1817 wanne waligawana kuta. Overbeck alichora Yosefu akiuzwa na ndugu zake, na miaka saba ya njaa. Veit alichora miaka saba ya shibe, pamoja na Yosefu akimkimbia mke wa Potifa. Schadow alichora Yakobo akionyeshwa vazi lenye damu, na Yosefu gerezani. Cornelius alichora Yosefu akieleza ndoto za Farao, na Yosefu akijitambulisha kwa ndugu zake. Tunapenda jambo hili: watu walioitana ndugu bila kuzaliwa pamoja walichagua habari ya ndugu wa baba mmoja waliouzana. Picha hizo hazipo tena Roma. Mwaka wa 1886 na 1887 zilikatwa ukutani kwa ufundi mkubwa, zikapelekwa Berlin, na mpaka leo zimo katika nyumba ya sanaa ya taifa.

Baada ya hapo sifa ikaenea. Mtemi Massimo wa Roma akawaita kupamba nyumba yake ya bustani. Maadui pia hawakukosa: katika mwaka wa 1817 gazeti la Goethe, mwandishi mkubwa wa Wajerumani, lilichapa maneno makali dhidi yao, kwamba wanairudisha sanaa nyuma. Lakini hatari yao haikutoka kwa Goethe. Ilitoka kwa wale waliowapenda. Mwana wa mfalme wa Bavaria alimwita Cornelius. Schadow aliitwa Berlin, na mwaka wa 1826 akawa mkubwa wa shule ya sanaa ya Düsseldorf. Veit alipewa shule ya Frankfurt mwaka wa 1830. Vijana waliokataa shule wakawa wakubwa wa shule. Wengine walianza kuogopwa na wanafunzi wao kama wao walivyowaogopa walimu wa Vienna.

Cornelius alipochora Hukumu ya Mwisho katika kanisa la Mtakatifu Ludoviko huko Munich, ukuta mkubwa kupita kiasi, alikuwa na wasaidizi wengi na wenye kumsifu wengi zaidi. Mchoro wake ulikuwa na nguvu, rangi ilikuwa dhaifu. Mfalme hakufurahi, na Cornelius akahamia Berlin. Sisi tunajiuliza: kama Overbeck na Veit wangalikuwa karibu, kama karatasi ingaliwekwa mezani kama zamani, je, hawangalimwambia habari ya rangi mapema?

Hata hivyo mbegu ilikwenda mbali. Kutoka Düsseldorf, tangu miaka ya 1840, chama cha kueneza picha za dini kilichapa picha ndogo zilizouzwa kwa bei nafuu, zile ambazo Wakristu waliweka katika vitabu vya sala. Nyingine, tuseme kweli, zilikuwa tamu kupita kiasi, kama chai yenye sukari nyingi. Marafiki wengine watatu, Lenz, Wüger na Steiner, walijenga na kupamba kikanisa cha Mtakatifu Mauro karibu na abasia ya Beuron kati ya 1868 na 1871, wakaanzisha namna mpya ya kuchora, kavu zaidi na yenye utulivu, nao wakawa wamonaki. Abasia ya Beuron ilizaa Maredsous ya Ubelgiji mwaka wa 1872. Mmonaki wa Maredsous alianzisha abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Bruges. Na kutoka huko walitoka Wabenedikto waliofika Katanga mwaka wa 1910, pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa baadaye askofu wa Elisabethville. Si kusema kwamba walituletea Undugu wa Mtakatifu Luka ndani ya sanduku. Lakini nyumba yao ilikuwa na babu aliyejua kwamba kuchora ni sala, na kwamba watu husali vizuri wakiwa wengi.

Overbeck hakuondoka Roma kwenda kuwa mkubwa mahali popote. Alichora kwa Wafransisko wa Assisi, alipokea vijana waliokuja kumwuliza, akafa mwaka wa 1869 akiwa na miaka themanini. Picha yake ya Bwana Yezu akiingia Yerusalemu, aliyoianza Vienna na kuimaliza mwaka wa 1824, iliwekwa katika kanisa la Maria la Lübeck, mji alikozaliwa. Iliungua pamoja na kanisa usiku wa Jumapili ya Matawi ya mwaka 1942, ndege za vita zilipoushambulia mji.

Imebaki nyingine. Huko Sant'Isidoro, Overbeck na Pforr walikuwa wamepatana kila mmoja amchoree mwenzake picha ya wanawake wawili marafiki, Sulamiti na Maria, mmoja akiwa mfano wa nchi za kusini na wa sanaa aliyoipenda Overbeck, mwingine mfano wa Ujerumani ya zamani aliyoipenda Pforr. Pforr alimaliza yake mwaka wa 1811, picha ndogo sana, akampa rafiki yake. Overbeck alikawia, na Pforr akafa kabla ya kupokea ya kwake. Overbeck aliiweka kando miaka mingi. Kisha aliishika tena, akabadili jina, akaiita Italia na Germania, akaimaliza mwaka wa 1828, miaka kumi na sita baada ya kifo cha yule aliyeahidiwa. Iko Munich. Wanawake wawili wameketi wameinamiana, mikono yao imeshikana.